Ngoma ilipogoma: nilivyoitoa ngoma ya ndani ya mashine kongwe ya kufulia

Ukiona watu watatu wameshika ukingo wa ngoma ya mashine ya kufulia wanainyanyua kwa pamoja, jua kuna kitu kitavunjika muda si mrefu, na hakitakuwa ile kutu iliyoikamata. Mashine niliyoishughulikia ilikuwa imeshafanyiwa hivyo kabla haijanifikia. Fito mbili kati ya nne zinazoning'iniza ngoma zilikuwa zimepinda, na ngoma iko pale pale.

Ni mashine ya mlango wa juu, kilo 7, ya miaka ya 1990, muundo wa Kijapani, volti 220 hadi 240, iliyoingia Unguja ikiwa mtumba kutoka Dubai. Ilikuwa kwenye nyumba ya Malindi ya hapa Unguja, karibu na bahari. Ilikuwa na dalili tatu: mngurumo kama kokoto ndani ya debe wakati wa kukamua, maji yanayodondoka katikati chini ya mashine, na madoa ya rangi ya chai kwenye nguo nyeupe. Zikikutana hizo tatu, sili ya shafti, yaani mpira unaozuia maji yasipite kwenye shafti, imekwisha, maji yameshuka kwenye beringi, na beringi inakula kutu. Huwezi kuifikia sili bila kutoa ngoma ya ndani. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kabla ya kufungua chochote, pima kwa mkono. Shika ukingo wa ngoma ya ndani uitikise. Ngoma zote mbili zikiyumba pamoja, huo ni mwendo wa kawaida wa springi. Ngoma ya ndani ikicheza peke yake huku ya nje imetulia, beringi imelegea. Hii ilicheza kiasi cha unene wa sarafu.

Mashine za namna hii zimeundwa hivi. Ngoma ya nje ni ya plastiki, nayo ndiyo inayobeba maji. Inaning'inia kwa fito nne zenye springi, moja kila pembe ya bodi. Chini yake imefungwa giaboksi na mota. Kutoka kwenye giaboksi zinapanda shafti mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje ni nene, ina uwazi katikati, na ndiyo inayoshika ngoma ya ndani. Ya ndani ni nyembamba, na ndiyo inayozungusha ile sahani yenye mbawa iliyo chini ya nguo. Ngoma ya ndani yenyewe ni ya bati la chuma cha pua, lakini kitovu chake, pale inapoingia shafti, ni cha aluminiamu. Shafti ni ya chuma. Kitovu kimekaa kwenye meno ya shafti, juu yake kuna washa yenye masikio na nati kubwa.

Aluminiamu na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyokuwapo. Nafasi haipo, kwa hiyo unajisokota kati ya meno na kukaza kama kabari. Ongeza na maji yetu. Maji ya visima vya Unguja yanapita kwenye jiwe la matumbawe, yanabeba chokaa, na visima vya karibu na pwani vinabeba chumvi juu yake. Sabuni ya unga nayo haiipendi aluminiamu. Ndiyo maana ngoma ya mashine ya umri ule ule iliyotumia maji ya mvua hutoka kwa mikono miwili, na hii ya Malindi ikanichukua siku nne.

Kwanza chomoa plagi, usizime swichi tu. Funga mfereji, shusha mpira wa maji machafu ubaki mtupu. Mota ya aina hii ina kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, na inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Chaji hiyo niliimaliza kwa kugusisha ncha za kapasita kwenye waya mbili za balbu ya wati 60.

Bodi ya juu inatoka kwa skrubu mbili za nyuma na mbili za mbele zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo. Ipindue polepole, kuna waya na mpira wa kuingizia maji. Chini yake kuna duara la plastiki linalofunika mdomo wa ngoma ya nje, limeshikwa na klipu nane. Tia alama kwa kalamu ya wino mzito linapokutana na ngoma, maana likirudi limegeuka maji yataingia upande usio wake. Plastiki ya zamani huwa kavu: nilizipangusa klipu kwa maji ya moto kabla ya kuzibinua, na ikavunjika moja tu.

Sahani ya kuzungusha inashikwa na skrubu moja katikati. Bisibisi iwe ya nyota namba 3, ijae vizuri, na uigonge kichwani mara mbili tatu kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Mgongano huo unavunja chokaa kwenye nyuzi za skrubu. Wengi huanza kuzungusha kwanza, nyota ikaliwa, na kazi ya dakika moja ikawa ya asubuhi nzima.

Skrubu ilitoka, sahani ikabaki. Hili ni la kawaida, wala usichukue bisibisi bapa ukabinulia ukingo, maana mbawa zinapasuka. Mimina nusu ndoo ya maji ya moto, subiri dakika 10. Kisha chukua mshipi wa kuvulia, ule mnene wa samaki wakubwa, uukunje mara nne, upitishe chini ya ukingo wa sahani upande mmoja. Fanya vile vile upande wa pili. Funga kila kitanzi kwenye kijiti ili usikate vidole, uvute juu pande zote mbili kwa wakati mmoja huku unazungusha sahani kidogo kushoto na kulia. Ilitoka kwa mvuto wa tatu. Chini yake palikuwa na mchanga wa pwani kiasi cha kikombe, pini za ushungi, sarafu, na tope jeusi la sabuni na nyuzi. Lile tope ndilo linalonuka kwenye nguo zilizofuliwa leo leo.

Sasa nati. Kwenye hii ilikuwa milimita 38. Washa iliyo chini yake ina masikio yaliyokunjwa kwenye pande za nati, kwa hiyo yalaze kwanza kwa tindo ndogo. Usipoyalaza utafikiri nati imeshikwa na kutu. Upande wa kufungulia usiubahatishe. Angalia nyuzi zinazoonekana juu ya nati: zikipanda kuelekea kulia kwako, nati inafunguka kinyume cha saa kama kawaida. Zikipanda kuelekea kushoto, inafunguka kwa mwendo wa saa. Zipo mashine za aina zote mbili, na nguvu nyingi upande usio wake inaua nyuzi za shafti ambazo huzipati dukani.

Tatizo ni kwamba ukizungusha nati, ngoma nayo inazunguka. Usiizuie kwa kuchomeka mbao kwenye matundu yake. Ivike nati soketi yenye mpini mrefu, kama sentimita 60, kisha piga ncha ya mpini kwa nyundo ya kilo moja, pigo fupi na kali. Ngoma ni nzito na haiwahi kuanza kuzunguka, nati inawahi kulegea. Mapigo sita yalitosha. Usiitoe yote, iache mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti nene. Hapo inakinga nyuzi zisipondeke, na ngoma ikija kuruka haitakupiga kidevuni.

Hapa ndipo waliotangulia walipokosea. Unapovuta ngoma juu, nguvu yako haiendi kwenye kitovu. Ngoma ya ndani inavuta shafti, shafti inavuta giaboksi, giaboksi inanyanyua ngoma ya nje, na vyote vinapanda juu pamoja kwa sababu vinaning'inia kwenye springi. Nguvu inaishia kwenye fito. Mbaya zaidi, watu hushika lile duara nene la plastiki juu ya ngoma. Duara hilo lina maji ya chumvi ndani yake, limezibwa kiwandani, ili lisawazishe ngoma inapokamua. Likipasuka, ngoma itapiga kuta milele, na chumvi yake inashuka moja kwa moja kwenye kile kitovu unachotaka kukiokoa.

Kwa hiyo ngoma haivutwi. Kinachotakiwa ni kusukuma shafti chini na kushika kitovu juu, nguvu ibaki kati ya viwili hivyo tu, bodi na springi zisijue kinachoendelea.

Kwanza nilizinyima springi kazi. Niliweka jeki ndogo ya gari chini ya mashine, juu yake kipande cha boriti, nikapandisha mpaka kikagusa bamba la chuma linalobeba giaboksi na springi zikaanza kulegea. Boriti iguse bamba, isiguse mota wala puli. Bila hivi kila pigo la nyundo linamezwa na springi, na utapiga kutwa nzima.

Pili, dawa, na hapa mpangilio una maana. Tindikali kwanza, mafuta baadaye. Ukianza na mafuta, yanafunika chokaa na siki haiipati tena. Nilikanda unga wa ngano mgumu kama wa chapati, nikaufinyanga kuwa kijiukuta kuzunguka kitovu, nikamwaga ndani siki nyeupe mililita 200. Ilichemka mapovu kwa muda, dalili kwamba chokaa ipo. Baada ya saa moja niliitoa kwa kitambaa, nikatia nyingine, na baada ya saa ya pili nikasuuza kwa maji baridi mengi. Usiiache ikalala, kwani siki ikimaliza chokaa inaanza kula aluminiamu. Na kama mashine ilisafishwa karibuni kwa jiki, isuuze kwanza mara mbili. Siki na jiki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na kichwa chako kiko ndani ya pipa. Dawa kali ya kuzibulia mifereji ya choo isikaribie kabisa. Inaiyeyusha aluminiamu mbele ya macho yako.

Kikikauka, mafuta. Nilichanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kijiko kimoja kila asubuhi na jioni kwa siku tatu, na baada ya kila kijiko nikagonga kitovu pande zote kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi kama unajaribu nazi. Mtikisiko ndio unaoyashusha mafuta kwenye meno. Mchanganyiko huu unawaka haraka, kwa hiyo sigara na jiko viwe mbali, na usiumwage hovyo: asetoni inalainisha baadhi ya plastiki.

Usiku wa tatu nikapiga. Usipige shafti nyembamba ya katikati. Ile inashuka moja kwa moja kwenye gia, na pigo moja zito linatosha kumaliza giaboksi. Nilikata kipande cha bomba la maji la nusu inchi, urefu wa sentimita 15, nikalisawazisha mdomo kwa tupa. Liliivaa shafti nyembamba bila kuigusa na kukaa juu ya ncha ya shafti nene. Hakikisha kwanza kwamba juu ya shafti nyembamba kumebaki nafasi ndani ya bomba. Nilipiga mapigo kumi, na hakuna kilichosogea.

Iliyobaki ni pula, kifaa cha kung'olea kitu kilichokazana kwenye shafti. Pula ya mafundi wa magari haikuingia, miguu yake minene kuliko matundu. Nikatengenezewa nyingine kwa mchomea vyuma wa Mwanakwerekwe: bamba la chuma upana milimita 50, unene milimita 10, urefu sentimita 30, lenye matundu mawili ya milimita 11. Kwenye kila tundu inapita nondo ya milimita 10 yenye nyuzi, ncha ya chini imekunjwa ndoano, juu nati na washa. Ndoano zilishuka kwenye uwazi wa sakafu ya ngoma na kushika mikono ya kitovu kwa chini. Ndoano ishike kitovu, si bati la ngoma. Bati litakunjika kama karatasi. Bamba likakaa juu ya lile bomba, katikati kabisa.

Kaza nati mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Ukikaza upande mmoja zaidi, kitovu kinalala upande na kujibana kwenye meno kuliko mwanzo. Nilikaza mpaka bamba likaanza kupinda kidogo, nikaacha lilivyo.

Kisha joto. Usilete moto wa gesi. Sili, ngoma ya nje na duara la chumvi vyote haviustahimili. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na maji ya moto yanatosha. Nilinyanyua mpira wa maji machafu, nikamimina lita 10 za maji ya kiasi cha nyuzijoto 80, yakafunika kitovu. Kwa tundu la milimita 25 lililopanda kutoka nyuzijoto 30 hadi 80, aluminiamu inafunguka takriban milimita 0.03. Lakini shafti ikipata joto lile lile nayo inanenepa milimita 0.015, nusu ya faida imeondoka. Kwa hiyo baada ya dakika 10 nilishusha maji, na papo hapo nikajaza vipande vya barafu kuzunguka bomba na ncha ya shafti. Barafu ni zile za mifuko zinazouzwa nyumba za jirani, zimepondwa. Dakika mbili, halafu nyundo juu ya bamba katikati, pigo moja moja zito.

Mara ya kwanza, hola. Ya pili nati za pula zililegea kidogo, maana yake kitovu kimesogea kwa unene wa unywele. Nikazikaza tena. Mara ya tatu, kwenye pigo la nne, ulitoka mlio kama wa bunduki na bamba likaruka. Kama nati ya shafti ningekuwa nimeitoa yote, ngoma ingeruka nalo. Kuanzia hapo unamalizia kutoa nati, na ni mikono miwili tu, unainyanyua huku unaizungusha kidogo kidogo.

Ingekataa hata hapo, hatua iliyobaki ilikuwa kukikata kitovu kwa grainda, mikato miwili inayokabiliana, kila mmoja ukiishia milimita moja kabla ya shafti, kisha kukipasua kwa tindo. Shafti inapona, kitovu kinakufa. Usifanye hivyo kabla hujashika kitovu kingine mkononi.

Sili ilikuwa imegeuka ngumu kama ganda la kome. Usinunue sili kwa jina la mashine, soma namba tatu zilizochapwa usoni mwake: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Beringi ya juu ilikuwa 6005, yaani tundu 25, nje 47, unene 12. Chukua yenye herufi 2RS, ile ya mipira pande zote mbili. Ya ZZ ina vifuniko vya bati na maji yanapita. Ukiweka sili mpya kwenye shafti yenye mfereji wa kutu itavuja mwezi wa kwanza, kwa hiyo isugue kwa msasa namba 400 uliolowa, kwa kuzunguka, usisugue juu na chini.

Meno ya kitovu niliyasafisha kwa brashi ya waya wa shaba mpaka unga mweupe ukaisha. Brashi ya chuma inaacha chembe zinazoanzisha kutu upya. Kabla ya kurudisha nilipaka grisi ya mashine za boti, ile wanayotumia wavuvi kwenye ekseli ya panga la kusukumia boti, kwa sababu imetengenezwa kukaa ndani ya maji ya bahari. Tabaka jembamba kwenye meno, na kidogo kwenye midomo ya sili. Nati ikakazwa kwa mpini ule ule bila nyundo, masikio ya washa yakakunjwa upya. Yakiwa yamepasuka, tafuta washa nyingine. Zile fito mbili zilizopinda nilizinyoosha kwenye jiliwa, lakini springi moja ilikuwa imechoka na ikabidi zibadilishwe zote nne, maana springi mpya na kuukuu hazibebi sawa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kukamua bila maji wala nguo, dakika mbili, sikio likiwa kwenye bodi. La pili maji matupu, na karatasi ya gazeti kavu imetandikwa chini ya giaboksi kwa nusu saa. Gazeti lilibaki kavu.

Kwa mashine ya karibu na bahari, ngoma hiyo itolewe tena kila mwaka, hata kama hailalamiki. Kitovu chenye grisi kinatoka kwa robo saa, na pula ipo.